Maisha ya Imamu Al-Ghazali, Mwanachuoni Aliyeihesabu Nia Yake

Miongoni mwa wanavyuoni waliopewa lakabu za heshima na Umma wa Kiislamu, yuko aliyeitwa Hujjatul-Islam, yaani Hoja ya Uislamu. Jina lake ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali. Wengi humjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din, na wengine humjua kwa hoja alizowajibu nazo wanafalsafa. Lakini katika maisha yake limo jambo moja lipitalo vitabu vyote kwa uzito. Alipokuwa amefika kileleni mwa utukufu wa dunia, aliugeukia moyo wake mwenyewe akauliza kwa nini anafundisha. Jibu alilolipata lilimfanya aache cheo, mali na mji. Tangu siku hizo mpaka kufa kwake hakuacha kuchunguza nia ni kitu gani, huzaliwa vipi moyoni, na kwa njia gani mtu aweza kujua kama nia yake ni safi.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Al-Ghazali alizaliwa katika mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan. Mahame ya mji huo yako karibu na Mashhad, katika nchi ya Iran. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa fukara mchaji Mungu, akisokota sufi na kuiuza dukani kwake, wala hakula ila chumo la mikono yake. Kila alipopata nafasi alihudhuria darasa za mafakihi, akawatumikia, na akamwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto fakihi na mtoto mwenye kuwaidha watu. Dua yake ilikubaliwa, kwani Muhammad alikuwa fakihi mkubwa, na ndugu yake Ahmad alikuwa mwaidhi mashuhuri.

Mzee huyo hakuishi hata akayaona hayo. Alipohisi mauti yamekaribia aliwakabidhi watoto wake kwa rafiki yake mmoja sufi, pamoja na fedha kidogo alizokuwa nazo, akamuusia awasomeshe. Fedha zilipokwisha, yule rafiki aliwaeleza kwamba yeye naye ni fukara, na kwamba njia iliyobaki ni kuingia madrasa, ambako wanafunzi hupewa chakula. Wakaingia. Baadaye Al-Ghazali alikuwa akilikumbuka jambo hili na kukiri kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, lakini elimu yenyewe ilikataa kuwa kwa ajili ya yeyote ila Mwenyezi Mungu. Yaonekana basi kwamba swali la nia lilimwingia tangu utotoni, kwa njia ya njaa.

KUTAFUTA ELIMU

Alianza fiqhi mjini kwao kwa Sheikh Ahmad Ar-Radhakani, kisha akasafiri mpaka Jurjan kuendelea na masomo. Husimuliwa kwamba alipokuwa akirejea nyumbani walivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Al-Ghazali aliwafuata akamsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zake tu, kwa kuwa ndani yake ilimo elimu aliyoiendea safari. Yule mnyang'anyi alicheka, akamuuliza vipi anadai kuijua elimu ambayo yeyote akimnyang'anya karatasi hubaki hana kitu. Akamrudishia. Al-Ghazali aliyachukua maneno hayo kuwa ni mawaidha aliyoletewa na Mungu kwa ulimi wa mwizi, akakaa Tus miaka mitatu akayahifadhi yote aliyoyaandika.

Baada ya hayo alikwenda Nishapur kwa Imamul-Haramain Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa zama zile. Kwake alisoma fiqhi, usuli, ilmul-kalam na mantiki, akawapita wenziwe. Mwalimu wake alipofariki mwaka 478 Hijra (1085), Al-Ghazali aliondoka akaenda kwenye kambi ya waziri Nidhamul-Mulk, aliyekuwa akiongoza mambo ya dola ya Waseljuk chini ya Sultani Malik Shah. Huko wanavyuoni walijadiliana mbele ya waziri, na Al-Ghazali akawashinda. Mwaka 484 Hijra (1091) waziri alimpeleka Baghdad akawe mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiyya, iliyokuwa mashuhuri kupita madrasa nyingine zote za wakati ule. Umri wake ulikuwa haujafika miaka 35. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake.

SHAKA ILIYOMPATA KATIKA AKILI

Al-Ghazali hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kuwa tu watu wamelikubali. Katika kitabu chake Al-Munqidh minadh-Dhalal, alichokiandika karibu na mwisho wa umri wake, ameeleza kwamba tangu ujana alitaka kujua yakini ni nini, nayo ni elimu isiyoachia mlango wa shaka. Akaanza kuipima misingi ya ujuzi wake mmoja mmoja.

Alianza na macho, maana hayo ndiyo watu huyaamini zaidi. Akaona kwamba jicho hukitazama kivuli likakihukumu kuwa kimesimama, na kumbe baada ya saa moja yajulikana kwamba kilikuwa kikienda. Hutazama nyota likaiona ndogo kama dinari, hali hesabu za wajuzi zathibitisha kwamba ni kubwa kuliko ardhi. Basi akili imelikadhibisha jicho. Ndipo akaigeukia akili yenyewe: ikiwa macho yalionekana kuwa kweli mpaka akili ilipokuja kuyahukumu, ni nani awezaye kuthibitisha kwamba juu ya akili hapana hakimu mwingine? Mtu aliyelala huona mambo katika ndoto wala hana shaka nayo, mpaka aamke ndipo atambue kwamba hayakuwa na asili. Huenda na kukesha huku kukawa mbele ya hali nyingine mfano wa ndoto mbele ya kukesha.

Maradhi haya ya shaka yalimkaa karibu miezi miwili. Hakuyatangaza kwa ulimi, lakini ndiyo iliyokuwa hali yake. Wala hakuponyeka kwa hoja, maana kila hoja hujengwa juu ya misingi, na hiyo misingi ndiyo aliyoitilia shaka. Alieleza kwamba aliponywa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake, akili ikarejea katika uzima na akaziamini tena kweli zake za awali. Zaidi ya karne tano baadaye, mwaka 1641, Mfaransa Descartes naye alitoa kitabu kilichoanzia shaka ya macho na ndoto, na wachunguzi wengi wamewalinganisha wawili hawa. Lakini Descartes alitokea katika shaka kwa kushika kwamba yeye anafikiri, na Al-Ghazali alitoka kwa kukiri kwamba akili ni neema aliyopewa.

MJADALA WAKE NA WANAFALSAFA

Alipokuwa Baghdad alisoma falsafa peke yake, katika saa alizoziiba baina ya darasa na uandishi, muda uliopungua miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mzima akiyarudia aliyoyasoma. Kwanza alitunga Maqasidul-Falasifa kueleza maneno yao bila ya kuyapinga, kwani aliona kumpinga mtu kabla ya kumwelewa ni kutupa jiwe gizani. Mwanzoni mwa mwaka 1095 akamaliza Tahafutul-Falasifa, alimowajibu katika masuala 20, hasa mambo ya Al-Farabi na Ibn Sina.

Katika suala la kwanza lilimo jambo la irada. Wanafalsafa walisema ulimwengu hauwezi kuwa umeanza wakati fulani, kwa kuwa nyakati zote zafanana, na irada haiwezi kuchagua kimoja katika viwili vilivyo sawa bila ya sababu. Al-Ghazali akawapigia mfano wa mtu mwenye hamu ya tende, ambaye mbele yake ziko tende mbili zilizolingana katika kila kitu, naye hana njia ya kuzichukua zote mbili. Je, atakufa na hamu yake kwa kukosa sababu ya kuchagua? La, atatwaa mojawapo. Kwa hiyo irada ni sifa ambayo kazi yake ndiyo hiyo, kupambanua baina ya vilivyo sawa.

Katika suala la 18 alizitazama dalili kumi za wanafalsafa kwamba nafsi ya mwanadamu ni kitu kisimamacho chenyewe, wala si mwili. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba aliikanusha roho. Haikuwa hivyo. Alichokataa ni madai yao kwamba akili peke yake yatosha kuthibitisha jambo hilo bila ya kuhitaji sheria ya dini. Alitaka akili ijue mpaka wake, wala hakutaka kuiua.

MTIHANI WA MWAKA 488

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulikuja mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijra, yaani Julai 1095. Alikuwa amesoma vitabu vya masufi, akatambua kwamba njia yao haipatikani kwa kusoma tu. Kujua maana ya afya ni kitu kimoja, na kuwa mzima ni kitu kingine. Akazihesabu amali zake. Iliyo bora katika hizo ilikuwa ni kufundisha, basi akaitazama nia yake katika kufundisha, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta jaha na sifa kuenea.

Miezi sita alikuwa akivutwa huku na huku. Asubuhi akiazimia kuondoka Baghdad, jioni jeshi la matamanio likimrudisha. Kisha mambo yakapita hiari yake. Mwenyezi Mungu aliufunga ulimi wake, akawa ajitahidi kufundisha hata siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake, asiweze kutamka neno. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula kikakataa kupita, akadhoofu. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni na hayana dawa ila huo moyo utulie. Hapo alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama anavyokimbilia asiye na hila, na kuacha kukawa kwepesi kwake.

Alitangaza kwamba anakwenda Makka, na huku amekusudia kukaa Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Aligawa mali yake, akabakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake, na ndugu yake Ahmad akashika darasa mahali pake. Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka huohuo akaondoka.

Watu wa Iraq walibabaika. Hawakufahamu vipi mtu aache cheo ambacho wao walikiona ndio ukomo wa dini. Waliokuwa mbali walidhani amewaogopa watawala, na waliokuwa karibu waliona jinsi watawala wanavyomng'ang'ania naye akiwageuzia uso. Hata katika zama zetu wako wanahistoria wanaotaja hatari za siasa za siku zile, kwani Nidhamul-Mulk aliuawa mwaka 1092, na Sultani Malik Shah akafa mwaka huohuo. Huenda mambo hayo nayo yalikuwa na uzito. Lakini hapa ndipo panapodhihiri ugumu wa jambo lenyewe: tendo la mtu huonekana na kila mwenye macho, ama nia yake haina shahidi ila yeye na Mola wake.

MIAKA YA UPWEKE

Karibu miaka miwili alikaa Sham. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Dameski, akijifungia humo mchana kutwa. Alikwenda Baitul-Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, katika mji wa Al-Khalil, na huko aliahidi kwamba hatakwenda mbele ya sultani, hatapokea mali ya sultani, wala hatashindana na watu katika mijadala. Akahiji, kisha mapenzi ya watoto yakamvuta kurudi kwao. Alipokuwa amekwisha kuondoka Baitul-Muqaddas, mwaka 1099, mji huo ulitekwa na Wasalibi.

ELIMU YA MOYO

Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihyau Ulumid-Din, chenye vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, desturi za maisha, mambo yaangamizayo na mambo yaokoayo. Robo ya tatu inaanza na kitabu cha maajabu ya moyo. Humo alieleza maneno manne ambayo watu huyachanganya: moyo, roho, nafsi na akili. Kila moja lina maana zaidi ya moja, lakini yote hukutana katika maana moja, nacho ni kile kitu laifu cha kiungu kilichomo ndani ya mwanadamu, kinachojua na kutambua, kinachosemezwa na kitakachohesabiwa. Namna kitu hicho kinavyofungamana na moyo wa nyama uliomo kifuani, alisema, imezishangaza akili za watu wengi. Ama hakika ya roho hakuijadili, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuizungumza.

Aliufananisha moyo na hodhi inayoingiwa na mifereji mitano, nayo ni hisi tano. Mtu aweza kuijaza hodhi kwa mifereji hiyo, na aweza kuiziba, akachimba chini mpaka maji safi yakabubujika kutoka ndani. Tena aliufananisha na kioo, ambacho kikipata kutu au kikielekezwa upande usiokuwa, hakionyeshi sura hata ikiwa karibu.

Kisha akafuata njia ambayo wazo hupita mpaka likawa tendo, akaigawa katika daraja nne. Mfano wake ni mtu aendaye njiani, na nyuma yake yuko mwanamke. Kwanza humjia wazo kwamba akigeuka atamwona. Pili, tabia yake huchochewa ikatamani kutazama. Tatu, moyo huhukumu kwamba jambo hilo lafaa kutendwa. Nne, huazimia. Daraja mbili za mwanzo hazimo katika hiari ya mtu, kwa hiyo hana lawama nazo. Ya tatu hutegemea kama moyo umehukumu kwa hiari au kwa kulazimika. Ya nne mtu huhesabiwa kwayo, ila akiiacha kwa kumcha Mungu huandikiwa jema. Lakini aliyezuiwa na kizuizi tu, na azma yake ingali ipo, hakusalimika.

Kwa maelezo haya aliwapumzisha waumini wengi wanaoteswa na wasiwasi, wakidhani kila fikra chafu ipitayo ni dhambi. Na papo hapo aliwaamsha wale wanaojiona wema kwa kuwa hawakupata nafasi ya kutenda ubaya.

NIA SI NENO

Katika robo ya mwisho aliweka kitabu cha nia, ikhlasi na ukweli. Humo alibomoa dhana moja iliyoenea. Watu hudhani kwamba nia ni kusema moyoni au kwa ulimi kwamba mtu ananuia jambo fulani. Al-Ghazali alieleza kwamba hayo ni mazungumzo ya ulimi au ya fikra, na nia yenyewe ni kuamka kwa nafsi na kuelekea kile inachokiona kuwa ni haja yake. Mtu aliyeshiba hawezi kuleta njaa kwa kusema kwamba ananuia kutamani chakula. Kadhalika, mwenye moyo uliojaa mapenzi ya dunia hawezi kuumba ikhlasi kwa matamshi. Nia huja kwa kuimarisha imani na kujua thamani ya jambo linalotendwa. Ndiyo maana miongoni mwa wema waliotangulia walikuwapo walioahirisha jambo la kheri mpaka nia ihudhurie.

Hapana mgongano baina ya haya na mafundisho ya fiqhi. Mafakihi wa Kishafi wamesema mahali pa nia ni moyoni, na ulimi ni msaidizi wake. Al-Ghazali alitaka tu msaidizi asichukuliwe kuwa ndiye bwana.

Alionyesha pia kwamba tendo moja laweza kubeba nia nyingi. Mwenye kukaa msikitini aweza kunuia kuizuru nyumba ya Mungu, kuingoja sala, kuyazuia macho na masikio yake na maovu, na kufaidi au kufaidisha elimu, akapata malipo ya yote hayo kwa kikao kimoja. Kujipaka manukato kwa kufuata suna ni ibada, na kujipaka kwa kujifaharisha ni hasara. Lakini nia haigeuzi maasia kuwa twaa. Anayemsengenya mtu ili kumfurahisha mwingine, au anayelisha maskini kwa mali ya wizi, hana udhuru katika wema wa makusudio yake.

KURUDI KUFUNDISHA NA KUFARIKI

Baada ya miaka 11 hivi ya upweke, waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka arudi kufundisha katika Nidhamiyya ya Nishapur. Al-Ghazali akaipima nia yake upya. Aliogopa kwamba kukaa kwake pembeni kumekuwa sasa ni uvivu na kupenda raha. Akashauriana na watu wema, akarudi mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 499 Hijra (1106). Alieleza kwamba kwa sura amerudi katika kazi ileile, lakini kwa hakika sivyo: zamani alifundisha elimu iletayo jaha, na sasa afundisha elimu ya kuacha jaha. Hata hivyo hakudai kwamba ameshinda, wala hakusema kwamba ajua kama atafikia makusudio yake.

Siku zake za mwisho alikaa Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya masufi. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Akhira mwaka 505 Hijra, Disemba 1111. Ndugu yake Ahmad alisimulia kwamba alfajiri hiyo alitawadha akasali, akataka sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafa kabla ya jua kuchomoza.

ATHARI YAKE

Si wote waliompokea vizuri. Katika Andalusia Ihya kilichomwa moto huko Kurtuba mwaka 503 Hijra (1109), naye yu hai. Ibn Rushd alimjibu kwa ajili ya wanafalsafa. Wanavyuoni wa Hadithi walimlaumu kwa Hadithi dhaifu alizozitia katika Ihya, na Al-Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 Hijra, akafanya kazi kubwa ya kuzipambanua. Hata hivyo kitabu kilibaki.

Kwa Waislamu wa upande huu wa Afrika, fadhila yake imefika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya fiqhi: Imamu Ar-Rafii alikifasiri kitabu chake Al-Wajiz, naye Imamu An-Nawawi akaufupisha ufafanuzi huo, na Minhaj ya Nawawi ikawa tegemeo la darasa za Kishafi pwani, ambako madhehebu haya yalitokea kuja bara. Ya pili ni ya tabia: masharifu wa Hadhramaut walikipenda mno kitabu cha Ihya, wakakichukua pamoja nao walipovuka bahari.

Basi mtu akiinua mikono kwa takbira, au akitoa sadaka mbele ya watu, au akishika uongozi wa jumuiya, swali la Baghdad lingali linamngoja: ni kitu gani kimemwamsha? Al-Ghazali hakulijibu swali hilo kwa kalamu peke yake. Alilijibu kwa kuacha alichokipenda, kisha, ilipolazimu, kwa kukirudia alichokuwa amekiacha.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amjaze kheri kwa elimu aliyoiacha, na azitakase nia za waja wake. Amin.